Kioo na Boksi

Pale Lipangalala, mtu akitaka kununua kompyuta ya nyumbani haanzii dukani. Dukani utauziwa tu. Anaanza kwa majirani, na majirani wa Ifakara, Mungu awasamehe, kila mmoja ana neno. Huyu atakwambia chukua laptop, maana umeme wetu huu unakonyeza konyeza, na ukikatika wewe unaendelea na kazi yako kama hukusikia. Yule atakwambia laptop ni chakula cha wezi, inaingia hata chini ya koti. Nunua ya mezani, mwizi atakayetoka mbio na meza kichwani tutamwona wote. Wa tatu anakumbuka mafuriko: maji yakiingia ndani, laptop unaitia kwapani unakimbia, ya mezani unaiacha iogelee. Wote wana haki yao. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Agnella naye ana neno lake, na ndilo linalowashangaza watu, maana kompyuta hajui hata kuiwasha. Yeye ni mama wa vitumbua. Asubuhi utamkuta kwenye kibaraza chake, mbele ya kikaango, unga wa mchele umeumuka kwenye ndoo. Muulize nunue ipi, atasema, "Laptop." Muulize kwa nini, atageuza vitumbua. Basi watu wanacheka pembeni. Wanasema huyu mama, ambaye mwanawe alikuwa akizitukana laptop mchana na jioni, leo amekuwa wakala wao.

Wacheke. Pilipili wasiyoila inawawashia nini?

Huyo mwanawe alikuwa Justin. Agnella alizaa watoto, Mungu akawachukua wangali wadogo, akabaki huyo mmoja. Mume naye akafuata wale wadogo. Justin akakua, akapenda muziki, akakigeuza chumba cha uani kuwa studio. Kuta zote alizibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Kwaya za vigangoni zilikuwa zinakuja na sare zao kwenye mifuko, wanarekodi, wanakula vitumbua, wanaondoka. Na katikati ya chumba kulikuwa na kompyuta ya mezani, aliyoinunua kipande kipande kama mtu anayejenga.

"Kwa nini usinunue laptop, Justin? Hili lidude linakula umeme," watu walimwambia.

"Laptop ikiumwa jino, unazika mwili mzima," alijibu. "Hii yangu kila kiungo na ugonjwa wake. Ukiuma mguu, natibu mguu, naendelea."

Alikuwa anajisikia sana akilisema hilo. Na kweli, leo kinakufa hiki anabadilisha hiki, kesho kile, kompyuta ni ile ile. Agnella alikuwa anamsikiliza na kuona mwanawe ana akili.

Sasa, hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Kompyuta ile ilikuwa na kioo juu ya meza na boksi chini ya meza. Katika nyumba ile, ukisema kompyuta, unasema kioo. Kwenye kioo ndiko zilikopita picha, ndiko zilikoonekana sauti za watu zimechorwa milima milima, ndiko Justin alikokaza macho wakati wa kusikiliza. Boksi lilikaa sakafuni, bega kwa bega na stabilaiza, linanguruma na kupumua joto. Justin aliliita mzee. "Mama, ukipiga deki usimlowanishe mzee." Agnella alipita na tambara kwa adabu, akijua kwamba mzee na stabilaiza ni ndugu, kazi yao kuutuliza umeme kabla haujapanda mezani. Nani wa kumlaumu? Wangapi kati yetu tunajua kilichomo ndani ya redio?

Jambo lingine la kuelewa ni hili. Kabla kwaya haijaimba, Justin alihesabu. Hakuhesabu kama watu wengine. Alisema, "Moja, mbili, haya." Hakufika tatu hata siku moja. Agnella alilisikia kupitia ukutani akiwa jikoni, halafu wimbo unaanza. Na wimbo ukishakamilika, Justin aliikata ile sauti yake, watu wakachukua wimbo msafi. Ndiyo maana nyimbo zake zipo mpaka leo kwenye simu na flashi za bonde zima, lakini yeye mwenyewe humo hamna. Mabaki yake yalibaki kwenye kompyuta.

"Unajitupa jalalani kila siku," Agnella alimtania.

"Situpi, mama. Naweka. Yote yamo humu." Akagonga meza.

Angegonga boksi, tungekuwa na habari nyingine.

Masika yale alikwenda upande wa Mlimba kuonana na kwaya moja. Wakati wa kurudi, pikipiki aliyokodi iliteleza darajani, yeye na dereva wakaingia majini. Dereva alitoka. Justin alipatikana chini huko, kwenye matete, na simu yake haikupatikana kabisa. Agnella mwenyewe alikuwa na kitochi tu, simu ya kupokea na kupiga, isiyotunza sauti ya mtu.

Msiba ulikwisha, matanga yakaanuliwa, ukoo ukakaa kugawa vitu vya marehemu. Aliyeongoza kikao alikuwa Nickolaus, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme.

"Marehemu hakuwa na mke wala mtoto," alisema. "Mama ndiye wa kwanza. Shemeji, sema unachotaka. Na kama mnavyojua, kitu kikishagawiwa hapa hakidaiwi tena."

Agnella alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, haoni wala hasikii vizuri. Alisema, "Mimi nipeni kompyuta tu. Mengine gawaneni."

Wakampa. Mdogo wake Lukelo, aliyetoka kijiji cha Mbingu, ndiye aliyechomoa nyaya na kukibeba kioo mpaka chumbani kwa dada yake kama anayebeba trei ya glasi. Alirudi, akainama chini ya meza.

"Dada, na hili boksi?"

"Hilo chukua wewe," Agnella alisema. "Si una mambo yako ya sola? Litakufaa."

Walikuwepo vijana wa kwaya waliojua. Walikuwa uani wanasugua masufuria ya msiba. Mmoja alipita mlangoni, akaona boksi linafungwa kwa kamba kwenye baiskeli, akafungua mdomo, akaufunga. Wazee wameketi, mama mfiwa amesema, wewe mtoto wa nani unayekatiza kikao? Adabu ni kitu kizuri sana. Siku ile ilikuwa kitu kibaya.

Baada ya hapo Agnella aliendelea na vitumbua. Watu walimsifu. "Amejikaza, mama wa watu." Upuuzi. Mtu hujikaza akiwa anasikia maumivu. Agnella alikuwa hasikii kitu. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Vitumbua vilitoka siku nyingine bila sukari kabisa, naye akionja aone viko sawa. Mafuta yaliruka yakamchoma mkononi, akajua pale mteja aliposema, "Mama, mkono wako." Alilala, aliamka, alikwenda kanisani, alirudi. Mtu akimtania alicheka, maana alikumbuka kwamba hapo huchekwa.

Kioo kilikaa juu ya kabati, amekifunika kitambaa cha kufuma. Kila Jumamosi alikifuta vumbi. Hakuwa na haraka nacho. Justin alisema yote yamo humu. Basi yamo, na yeye anayo. Hilo lilimtosha. Watu waliotaka kukinunua aliwaambia hapana, bila hata kuwatazama.

Ulipokaribia mwaka, wakati wa kupeleka nia ya misa, alikaa jikoni akitaka kumkumbuka mwanawe vizuri. Uso ulikuja. Mwendo ulikuja, ule wa kuburuta ndala. Hata kikohozi kilikuja. Sauti haikuja. Alisema mwenyewe moyoni, "Moja, mbili, haya," lakini aliyesema alikuwa yeye Agnella, siyo Justin. Akajaribu tena, ikawa sauti ya baba paroko. Akajaribu tena, ikawa ya mtu tu.

Aliogopa. Hilo alilisikia. Mwaka mzima hakusikia kitu, akaja kusikia hofu.

Kesho yake hakuumua unga. Alikivua kioo kitambaa chake, akakifunga kwenye khanga, akaita bajaji, akakipakata mpaka mjini kwa Viktor, fundi kompyuta wa karibu na soko. Barabarani alimwomba dereva akwepe mashimo. Dereva alijibu kwamba akikwepa mashimo yote ataingia kwenye nyumba za watu.

Kwa Viktor kulikuwa na mabishano. Masalu, Msukuma mwenye mpunga mwingi na sauti nene, alitaka kompyuta ya mezani. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa anamshauri laptop, ingawa hakuombwa ushauri.

"Utaibeba popote, mzee Masalu. Shambani, nyumbani, popote."

"Shambani nabeba jembe," Masalu alisema. "Mimi nataka iliyokaa. Mgeni akiingia aione. Hiyo yenu mkishaikunja, nani atajua kama una kompyuta au una sahani?"

Watu walicheka. Agnella alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo. Viktor alimwona, akaacha alichokishika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kompyuta ya Justin. Sitaki uirekebishe. Nataka uniwashie nimsikie tu, anahesabu kabla ya wimbo. Nirekodie hata kwenye simu ya mtu, nikaipeleke kwenye misa yake."

Viktor alimfahamu Justin, alikuwa akimuuzia vipuri. Alifungua khanga taratibu, akakitazama kioo, akatazama nyuma yake, akatazama ndani ya bajaji iliyokuwa bado mlangoni.

"Na sipiyu, mama? Ipo kwenye bajaji?"

"Nini?"

"Lile boksi."

"Boksi la umeme? Hilo nilimpa mdogo wangu."

Mwalimu akanyamaza. Masalu naye akanyamaza, na Masalu kunyamaza si jambo la kila siku. Viktor alivuta kigoda, akamkalisha. Alikuwa kijana mwenye roho nzuri, lakini jambo kama hilo huwezi kulisema kwa uzuri.

"Mama, hiki ni kioo tu. Ni dirisha. Ukilibeba dirisha ukaondoka nalo, vitu vya ndani havikufuati. Sauti za Justin ziko kwenye lile boksi."

Viktor akachukua kwenye takataka zake kichuma kimoja, ukubwa wa mche mfupi wa sabuni, kimefunguliwa mfuniko. Ndani mlikuwa na sahani ndogo ya duara, inang'aa, ina tundu katikati.

"Ndani ya boksi kuna kichuma kama hiki. Sauti zinakaa juu ya hii sahani. Hiki kilishakufa, ndiyo maana nimekifungua. Kikiwa kizima hakifunguliwi. Kidole kimoja tu, au vumbi letu hili, kwisha habari yake, hata mimi siwezi kitu. Lakini mama, kama boksi lipo na halijaguswa, lete. Lete hata kesho. Sitaki chochote kwako."

"Lipo," Agnella alisema. "Lukelo anatunza vitu."

Ni kweli Lukelo anatunza vitu. Hilo ndilo tatizo la Lukelo.

Alipanda gari la asubuhi kwenda Mbingu. Njiani, kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliona vitu: mpunga ulivyosimama, mabomba ya maji, mtoto amevaa kofia ya baba yake. Aliwaza atakavyokaa kwa Viktor, avae nguo gani, amsikie mwanawe. Alikuwa na matumaini, na matumaini yalimuuma kama damu inaporudi kwenye mguu wenye ganzi.

Lukelo alimpokea barabarani, akamnyang'anya mkoba, furaha tele. Binti yake Eveline alipiga goti, "Shikamoo shangazi," akakimbia kuchemsha chai. Agnella alipofika uani, kabla hajakaa, aliliona boksi. Lilikuwa limelazwa ubavu chini ya banda, upande mmoja wazi. Ndani kulikuwa na majani makavu, na juu ya majani kuku mwekundu ameatamia, akamtazama Agnella kwa jicho moja.

"Unaliona?" Lukelo alisema. "Dada, boksi la marehemu limetusaidia, nisiseme uongo. Kuku huyu alikuwa anapoteza mayai, sasa hapotezi hata moja. Njoo uone jikoni."

Jikoni, feni ndogo nyeusi ilikuwa imefungwa kwa waya mdomoni mwa jiko la mkaa, inazunguka kwa betri ya sola, mkaa umewaka mwekundu. Eveline alikuwa hapulizi kitu.

"Ilikuwa humo humo ndani. Macho ya watoto yamepona na moshi," alisema Lukelo. "Kila siku tukiwasha tunamtaja Justin. Mjomba wake mimi, sikutupa hata msumari."

"Kulikuwa na kichuma," Agnella alisema. Alisikia sauti yake inatoka mbali. "Kama mche wa sabuni."

"Kile kigumu! Kile kilinisumbua, dada. Misumari yake si ya bisibisi ya kawaida, ilibidi nichonge yangu mwenyewe. Nikasema marehemu hakuweka kitu kigumu hivi bure, lazima mna kitu. Na kweli."

Alitoka, akamwonyesha nguzo ya kibaraza. Kwenye msumari, uzi umepita kwenye tundu la katikati, ilikuwa inaning'inia sahani ndogo ya duara, inang'aa kuliko kitu chochote katika ua ule. Chini yake kulikuwa na wembe na kipande cha sabuni.

"Kioo," Lukelo alisema. "Na hakivunjiki. Watoto wamekiangusha mpaka wamechoka. Mimi sasa ndevu nanyolea hapa, Eveline anasukia nywele hapa. Shika, ujitazame. Umepungua sana, dada."

Alikitungua, akakipangusa vizuri kwa pindo la shati lake, mbele na nyuma, ndipo akampa.

Agnella alikishika. Alikuwa na maneno ya kusema. Yalikuja yote mpaka kwenye ulimi. Lakini alimtazama mdogo wake: huyu ndiye aliyeingia mtoni mpaka shingoni kumtafuta Justin, ndiye aliyemtoa kwenye matete akambeba begani. Na boksi alimpa nani? Alilisema mwenyewe kwa mdomo wake, chukua, litakufaa. Limemfaa. Akimwambia sasa, Lukelo hatanyoa tena ndevu maishani bila kumuua mpwa wake upya. Maji yakimwagika hayazoleki. Ya nini kumlowanisha na mwingine?

"Kizuri," alisema. "Kinaonyesha vizuri."

"Si nilikwambia? Sasa dada, wewe umefika wakati mzuri. Eveline amepata chuo, Morogoro. Wanasema lazima awe na kompyuta. Wewe ndiye umekaa na mtaalamu nyumbani. Tumnunulie ipi? Mimi nasema ya mezani kama ya marehemu, maana alituambia ile kila kiungo na ugonjwa wake."

"Laptop."

"Laptop? Justin mwenyewe alikuwa anazisema vibaya."

"Alikuwa anazisema vibaya," Agnella alisema. "Mnunulie laptop. Ile haigawanyiki."

Lukelo alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alielewa kwamba dada yake anazungumzia uzito wa mizigo safarini. Akasema sawa, itakuwa laptop, akaingia jikoni kumwambia Eveline, na huko ndani kukawa na furaha na sufuria ikaanguka.

Agnella alibaki kibarazani peke yake. Hakulia. Ganzi ilikuwa imerudi, ameikaribisha kama mtu wa nyumbani. Akakiinua kile kioo mpaka usawa wa uso. Watu walikuwa wakisema Justin amechukua mdomo wa mama yake, naye hakuwahi kuuona huo ufanano, maana mdomo wake mwenyewe hakuwa na sababu ya kuutazama. Sasa aliutazama. Alisogea karibu, kile kitundu cha katikati kikakaa kwenye midomo.

"Moja," alisema polepole. "Mbili. Haya."

Halafu akanyamaza, akasubiri kwaya ianze kuimba.